Mteja Aliniita Tapeli kwa Sababu ya Koili. Mkweche Wangu Ndo Ulinionyesha Kosa Langu



Leo sina stori ya mauzo makubwa. Nina stori ya koili mbili, mzee mmoja wa Iringa, na Corolla ya zamani iliyokataa kuwaka kwa wiki tatu. Kama unauza vipuri, au kitu chochote cha umeme mtandaoni, soma mpaka mwisho. Ukifika kwenye sehemu ya ufundi usiiruke, maana pesa yangu ilipotelea humo humo.

Mimi nauza vipuri vya magari ya zamani. Vingine nanunua Kariakoo, vingine navitoa kwenye magari yaliyokatwa. Napiga picha, napost, mteja akilipa natuma kwa basi. Biashara ya kawaida tu.

Siku moja mzee mmoja akaniandikia: "Kijana, una koili ya Corolla KE70?"

Nikajibu: "Ipo mzee wangu, 45,000."

Akalipa, nikatuma. Hakusema gari ina shida gani, na mimi sikuuliza. Kwani kuna ubaya gani? Mteja kataja anachotaka, mimi ninacho.

Siku ya nne akarudi: koili mbovu. Nikamwambia basi ya pili nakupa kwa 30,000. Akalipa tena. Ya pili nayo akasema mbovu, akaomba hela yake. Hapo nikamjibu kwa ile lugha yetu tunayoijua wote: "Mzee, vifaa vya umeme vikishafungwa havirudishwi."

Hakunijibu inbox. Alienda kwenye posti yangu akaandika mbele ya watu: "Msinunue hapa. Huyu tapeli."

Kama umewahi kuandikiwa hivyo unajua inavyouma. Watu wakawa wanauliza "ipo?", nikisema ipo, wanapotea. Mmoja akaniuliza waziwazi: "Wewe si ndo yule wa koili?" Moyoni nilimlaumu mzee. Nilijua hajui kufunga.

MKWECHE UNAINGIA

Wakati huo nilikuwa na gari yangu ya mradi. KE70 hiyo hiyo, injini ya 4K, ya kabureta na platini. Nilikuwa nimeinunua imekaa miaka chini ya mwarobaini kwa mtu. Lengo langu niitengeneze jioni jioni baada ya kazi, iwe inabeba mizigo yangu badala ya kulipa bajaji kila siku.

Kwanza ilikuwa haizungushi vizuri. Ukipiga stata inajivuta kama mgonjwa anayeamshwa. Nikakimbilia kusema betri imekufa, nikaazima betri nzima ya jirani. Ikajivuta vilevile.

Nikabadilisha waya wa ethi, ule unaotoka kwenye hasi ya betri kwenda kwenye injini. Ulikuwa na kutu ya kijani ndani ya kichwa chake. Nikasugua na pale unapofungwa mpaka chuma kikang'aa. Stata ikazunguka kama mpya. Nikajiona fundi.

Ugonjwa wa pili ulinishusha. Ukigeuza funguo kupiga stata, injini inashika. Unaisikia kabisa imewaka. Ukiachia funguo irudi kwenye ON, inazima papo hapo. Unapiga tena, inashika, unaachia, inazima.

Nikafanya nini? Nikafanya kama yule mzee. Nikaanza kubadilisha vitu. Platini mpya, bado. Kondensa mpya, bado. Nikachukua koili kwenye rafu yangu mwenyewe, bado. Nikachukua ya pili, bado.

Hapo ndo nikakaa chini. Koili mbili za kwangu, kwenye gari ya aina ileile, na hazifanyi kazi. Kumbe mzee alikuwa na haki? Nilikuwa nimebakiwa na koili tisa za mzigo ule. Nikaanza kuandaa maneno ya kwenda kumwambia aliyeniuzia kwamba kaniuzia takataka. Mtu niliyefanya naye kazi miaka minne, ananipa hata mali kwa mkopo. Nilikuwa tayari kumvunjia heshima kesho yake asubuhi.

SWALI MOJA LA FUNDI

Jioni ile nikamwita fundi mmoja mtu mzima, wa umeme wa magari, hapo mtaani kwetu. Nilidhani atafungua boneti aanze kuchomoa waya. Hakugusa kitu. Akauliza:

"Mwanangu, inazima lini hasa?"

Nikasema: "Nikiachia funguo, baba."

"Ukiwa umeishikilia kwenye stata inawaka?"

"Inawaka."

Akacheka. "Basi koili yako nzima. Koili ikiwa imekufa isingewasha hata mara moja. Tafuta ni nini kinabadilika unapoachia funguo."

Ngoja nieleze alivyonieleza, maana hapa ndipo penye mchezo wote.

Kwenye gari ya platini, umeme wa kuwashia una njia yake. Unatoka betri, unapita kwenye swichi ya funguo, unafika kwenye koili, unashuka kwenye platini zilizo ndani ya distributa, unamalizikia ethi. Platini zikifunga, koili inajaa. Platini zikifunguka, koili inatema umeme wa maelfu ya volti. Umeme huo unapita kwenye waya mnene wa katikati, unaingia kwenye distributa, rota inaugawa kwa plagi moja moja. Kwa 4K mpangilio ni 1-3-4-2.

Sasa, magari mengi ya zama zile yana rezista kabla ya koili. Kwenye gari yangu ni kipande cheupe cha kauri kimefungwa pembeni ya koili. Kazi yake ni kupunguza umeme ili koili na platini zisiungue injini ikiwa inatembea. Lakini wakati wa kupiga stata, betri inakuwa imeelemewa. Kwa hiyo watengenezaji waliweka njia ya pili: funguo ikiwa kwenye START, umeme unaipita rezista pembeni na kwenda moja kwa moja kwenye koili. Ukiachia funguo, njia ile inakatika, umeme unabaki kupitia rezista peke yake.

Umeshaona? Rezista ikikatika ndani, gari itawaka kwenye stata kwa ile njia ya pembeni, na itazima sekunde ile ile unapoachia. Unaweza kubadilisha koili kumi. Itakuwa vilevile.

Fundi akachukua mita yake, funguo ON. Upande wa rezista unaotoka kwenye swichi: volti 12.2. Upande unaoingia kwenye koili: sifuri. Akaniambia nipige stata huku yeye anaangalia: ikapanda ikafika 10. Nikaachia: sifuri.

Dakika tano, hata spana hajashika. Rezista nilinunua 8,000. Nikafunga, nikageuza funguo, nikaachia. Gari ikabaki inanguruma.

Kuna kijana wa jirani alikuwa amenishauri nivute waya moja kwa moja kutoka betri hadi koili. Fundi aliufanya mchezo huo kwa dakika moja tu, kuhakikisha, halafu akautoa. Ukiuacha hapo, gari haizimiki kwa funguo, koili inapata joto kupita kiasi, platini zinaungua, na waya usio na fyuzi ukigusa bodi unaweza kuchoma gari zima. Ni njia ya kupimia. Usitembelee nayo.

SIMU YA IRINGA

Usiku ule nilipima koili zangu zote tisa. Kati ya teminali mbili ndogo, zote zilisoma kama ohm 1.5. Kutoka teminali ndogo hadi tundu la katikati, zote zilikuwa kati ya ohm elfu 8 na elfu 10. Nzima zote. Asubuhi sikwenda kumgombeza aliyeniuzia. Nilimpigia mzee.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Yule kijana wa koili."

Kimya. Halafu: "Unataka nini?"

"Mzee, naomba nikuulize swali ambalo nilitakiwa kukuuliza siku ya kwanza. Gari yako ukipiga stata inashika?"

"Inashika."

"Ukiachia funguo?"

"Inazima! Si ndo maana nikatafuta koili!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Jibu alikuwa nalo siku zote. Hakuna aliyemuuliza.

Nikamwelekeza atafute mtu mwenye taa ya kupimia, aguse upande mmoja wa rezista, kisha wa pili, funguo ikiwa ON. Jioni akapiga: "Huku inawaka, huku haiwaki." Nikamtumia rezista kwa basi bila malipo, nikamrudishia 30,000 ya koili ya pili, naye akairudisha koili. Ile ya kwanza akasema atabaki nayo iwe spea.

Maneno yake kwenye posti hakuyafuta. Aliongeza chini yake: "Amenirudia. Gari inatembea." Na mimi sijaifuta ile posti. Wateja wakisoma yote mawili wananielewa zaidi.

NIKUBALI UKWELI

Koili zangu zilikuwa nzima, kwa hiyo ningeweza kusema mzee ndiye aliyekosea. Lakini aliyekuwa anakaa na vipuri kutwa nzima ni mimi. Mteja hakuwa anataka koili. Alikuwa anataka gari iwake. Nilimuuzia jina la kitu alilolitaja, nikamwachia kazi ya kubahatisha, tena kwa hela yake.

Kwa hiyo nimeandika hatua hizi kwenye daftari. Mteja wa gari ya platini akija nazipitia naye, na wewe unaweza kuzitumia.

1. Betri na ethi kwanza. Betri ya gari iliyojaa, imepumzika, inasoma kama volti 12.6. Ukipiga stata isishuke chini ya 10 hivi. Kisha pima ethi: waya mweusi wa mita kwenye hasi ya betri, mwekundu kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, ethi ina shida hata kama unaiona imefungwa. Ya kwangu kabla sijabadilisha waya ingekuonyesha hivyo, ningejua bila kuazima betri ya watu. Ili injini isiwake wakati unapima, chomoa ule waya mwembamba unaotoka koili kwenda distributa.

2. Umeme unafika koili? Rudisha waya, funguo ON, pima teminali ya chanya ya koili. Kwenye gari yenye rezista, platini zikiwa zimefunga, utaona kama volti 6 hadi 8. Platini zikiwa zimefunguka utaona 12 kamili, usishtuke. Sifuri maana yake njia imekatika kabla ya koili: fyuzi, swichi, waya au rezista. Usiguse koili bado.

3. Koili inatema cheche? Chomoa waya mnene wa katikati kwenye distributa, uchomeke plagi ya zamani, ilaze plagi kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Usiishike kwa mkono, na petroli isiwe karibu. Cheche ya bluu inayosikika ni nzuri. Ya rangi ya machungwa, hafifu, ni dhaifu. Na kumbuka mtego ulioninasa: cheche nzuri wakati wa stata haithibitishi kwamba cheche ipo ukiachia funguo. Rezista iliyokatika inafaulu mtihani huu vizuri kabisa.

4. Cheche ipo, gari bado? Sasa ndo unaingia kwenye distributa: kifuniko kina ufa? Rota imeungua ncha? Platini zimechimbika? Kwa 4K uwazi wa platini ni kama milimita 0.45, na wa plagi kama 0.8. Na hakikisha waya za plagi hazijapishana. Mimi nilipozirudisha mbili zikapishana, kabureta ikapiga mshindo nikaruka nyuma.

5. Badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uende kingine. Nilikuwa nafunga platini na kondensa kwa pamoja. Ingewaka nisingejua ni kipi kimeponya, na ingeharibika zaidi nisingejua ni kipi kimeharibu.

6. Waya za zamani zitikise. Siku ya pili gari ilikata kwenye tuta. Injini ikiwa inawaka, nilitikisa waya kimoja kimoja taratibu. Nyuma ya dashibodi nikakuta kiungo cha waya wa swichi kilichosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa selotepu. Kikiguswa, injini inazima. Nikakikata, nikaunga upya kwa risasi na kufunika kwa tepu ya umeme.

SASA UPANDE WA BIASHARA

Tangu siku ile, mtu akiniandikia "una koili?" simpi bei kwanza. Namjibu hivi, nimeshaihifadhi kwenye simu kama ujumbe wa kunakili:

"Ipo boss wangu. Kabla sijachukua hela yako, nisaidie haya: gari gani na injini gani? Ni ya platini au ya elektroniki? Ina rezista ya nje? Shida inatokea lini hasa: haizungushi, inazungusha haishiki, inashika inazima, au inakata ikipata moto? Umeshabadilisha nini?"

Swali la rezista siyo urembo. Koili ya platini inayotumia rezista ya nje husoma karibu ohm 1.5. Isiyotumia rezista husoma karibu 3. Ya gari za elektroniki mara nyingi iko chini zaidi. Ukimpa mtu koili ya 1.5 kwenye gari isiyo na rezista, itawaka siku hiyo, atakusifu, halafu platini zitaungua atakurudia na matusi. Kwa hiyo kila koili naipiga picha ikiwa na mita pembeni, namba zinaonekana. Hiyo picha ndiyo ushahidi wangu na ndiyo tangazo langu.

Kuna watu wanaghafirika na maswali, wanaenda kwingine. Sawa. Kuna ambao tukimaliza maswali tunagundua hawahitaji koili, wanahitaji waya wa ethi au rezista ya 8,000. Nakosa 45,000 ya siku hiyo. Lakini hao ndo wanaonitumia marafiki zao.

Na neno langu la "havirudishwi" nimelibadilisha. Sasa nasema: tukipima pamoja nikakushauri kununua, ikawa siyo yenyewe, irudishe ndani ya siku saba ikiwa safi, nauli ya kurudisha ni yangu. Ukinunua bila kupima, nakwambia wazi kabla hujalipa kwamba hairudi. Mzee wa Iringa sikumwambia chochote kabla. Nilimwambia baada ya hela kuingia, na hilo ndo lililomfanya aniite tapeli.

Wewe huuzi vipuri? Unauza chaja, feni, blenda, taa za sola? Ni yale yale. Mteja anapotaja kifaa, anakutajia anachohisi kimeharibika. Muulize swali la fundi wangu: inakataa lini hasa?

Mkweche sasa unatembea. Rangi bado, kiti cha nyuma bado, lakini asubuhi nageuza funguo, naachia, unabaki unanguruma. Jana umebeba vifurushi saba hadi stendi. Kimoja kilikuwa cha Iringa: plagi nne na kifuniko cha distributa, cha yule yule mzee. Safari hii kabla hajalipa, yeye ndo alinitangulia: "Kijana, uliza maswali yako."

Una rafiki anayeuza vifaa vya umeme? Mtumie hii. Na kama umewahi kupoteza mteja kwa kuuza bila kuuliza, tuandikie hapo chini ilikuwaje, tujifunze wote.